Minyoo Waliokwenda Kushoto

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikiomba barua hii ikukute u mzima, shemeji awe amerudi salama na lori lake, na Chifu wetu awe anaendelea kutoa amri kama tulivyomzoea. Majirani wa hapa hawajambo. Mimi ni mzima kwa kiasi, na kiasi hicho ndicho kilichonichelewesha kukujibu.

Barua yako niliipata. Mwandiko ni mzuri, ila aya ya pili ina sentensi moja tu, ndefu kama reli. Nukta hazilipiwi, mdogo wangu. Hata hivyo nilikuelewa. Umepata nafasi ya kusomea ukunga, chuo kitafunguliwa karibuni, wanafunzi hawaruhusiwi kukaa bwenini na watoto, na shemeji hawezi kumlea binti wa miaka minne juu ya usukani. Kwa hiyo unaniomba nimpokee binti huyo, Chifu wetu, akae nami mpaka umalize masomo. Ukaongeza kwamba nisipoweza, itabidi uiachie nafasi hiyo, na kwamba huenda usiipate tena.

Jibu linatakiwa liwe neno moja, nami nimeshindwa kuliandika. Nimekaa mezani mara kadhaa, nikaandika salamu, nikaishia hapo. Leo nimeamua kukueleza yote tangu mwanzo. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kuchukua simu, wala usiruke aya, maana najua unavyosoma.

Mambo yalianza na minyoo. Usikunje uso, si wale wa tumboni. Muhula huu nilianza kufundisha biolojia kwa kutumia minyoo wadogo wanaoishi kwenye udongo na matunda yaliyooza, ambao hawamdhuru mtu wala hawamjui. Mmoja akilala juu ya ncha ya penseli unaweza kumpangusa bila kujua kwamba umempangusa kiumbe. Mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, hivyo ukimkuza unaona chakula kinavyoshuka na mayai yalivyojipanga ndani yake. Nilifundishwa jambo hili na mwalimu mwenzangu katika semina, nikalipenda, kwa sababu miaka yote nimefundisha moyo, neva na misuli kwa kuchora ubaoni, na watoto wamenakili michoro yangu kwa utii bila kuamini hata mmoja.

Mkuu wa shule hakupendezwa. Aliniuliza kama wanaweza kuruka. Nilimjibu kwamba hawana miguu. Akaniuliza kama wanaweza kuingia kwenye chai, nikamjibu kwamba wataingia tu kama yeye atawatia. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba nisidai vifaa, kwa kuwa hadubini ya shule imeota kuvu kwenye kioo na hakuna fungu la kununua nyingine. Nikamwambia kwamba sihitaji. Tulikusanya vifuniko vya chupa za jemu, tukavichemsha, tukamimina ndani yake maji ya viazi yaliyogandishwa kwa ule unga wa mwani wanaoutumia wapishi wa jeli. Minyoo tuliwapata nyuma ya jiko la shule, kwenye lundo la maganda. Hadubini tuliitengeneza kwa kuchomoa kilenzi kwenye tochi ndogo iliyoharibika na kukibandika kwa gundi ya karatasi mbele ya kamera ya simu yangu. Ulinicheka niliponunua simu hiyo, ukasema itakaa kabatini na sahani za wageni. Sasa inafanya kazi kuliko mimi.

Kumshika mnyoo mdogo kiasi hicho ni kazi nyingine, maana kibano humponda. Dawa yake ni kope ya mtu. Unaing'oa kope moja, unaigundisha kwenye ncha ya kijiti cha meno, na kwa ncha hiyo laini unamgusa mnyoo bila kumuumiza. Ukimgusa kichwani anarudi nyuma. Ukimgusa mkiani anakwenda mbele. Nilipoomba kope za kujitolea, darasa zima lilifumba macho. Yupo kijana mmoja wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Alijitokeza akang'oa yake, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kope yake ni mtumishi wa umma na inastahili mshahara. Baadaye alipomgusa mnyoo akamwona anavyorudi nyuma kwa kasi na kwenda mbele kwa kusitasita, alisema kwamba mnyoo huyo ni gari la mkuu wa shule. Nilimsimamisha nje ya mlango. Nilipogeukia ubao, nami nilicheka, lakini hilo libaki kati yetu.

Kisha tukafika kwenye somo la harufu, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Unachora mstari katikati ya kifuniko. Upande mmoja unatia tone la maji yenye harufu, upande wa pili tone la maji matupu, na minyoo unawaweka juu ya mstari. Unasubiri mpaka karibu na mwisho wa kipindi, kisha unatazama wamekwenda wapi. Kwa harufu nilitumia ile dawa isiyo na rangi ya kunukishia keki, yenye harufu ya ndizi mbivu, ambayo minyoo hawa huipenda. Tone moja katika chupa ndogo ya maji linatosha. Ukiziweka chupa mbili mezani, huwezi kuzitofautisha kwa macho.

Unajua nisivyovumilia udanganyifu. Nikiandika neno lolote kwenye chupa, watoto watalisoma na kuandika majibu kabla ya minyoo kuamka. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu: chupa zangu hazina maandishi. Naziandaa nyumbani, nazibeba kwenye mkoba, na kabla ya wanafunzi kuingia nazinusa moja moja. Yenye harufu naiweka kulia, ya maji naiweka kushoto, na siri hiyo naijua mimi peke yangu. Walimu wenzangu waliwahi kunitania kwamba pua yangu ingefaa kuajiriwa na polisi. Mara ya kwanza, kabla ya likizo fupi, minyoo walikwenda kulia karibu wote, na watoto wakapiga makofi kama wametazama mpira.

Baada ya likizo nililirudia somo kwa darasa jingine. Minyoo walikwenda kushoto.

Nilidhani jeli imeharibika. Nikapika nyingine. Kwa darasa lililofuata walikwenda kulia, nikashukuru. Siku iliyofuata, kushoto tena. Niliwakaripia wanafunzi kwamba wanagusa vifuniko kwa vidole vyenye mafuta. Niliwaamuru wanawe mikono, nikawakagua kucha kama watoto wa chekechea. Nikawabadilisha minyoo, nikaenda mwenyewe na sketi yangu ya kazini kuchokoa maganda nyuma ya jiko, wapishi wakiniuliza kama nimepoteza pete. Minyoo wapya nao wakaenda kushoto. Kwenye madaftari niliandika kwa wino mwekundu kwamba matokeo si sahihi. Madaftari yote, mdogo wangu, moja baada ya jingine.

Sikuwa na amani. Nilianza kuingia darasani kwa hofu, mimi niliyewazoeza wengine kuniogopa. Nilijiambia kwamba minyoo hawa si wa aina niliyofundishwa, au kwamba mwalimu wa semina alitutania. Wazo jingine lilikuwepo pembeni, nami nililipita kama mtu anavyompita mdai njiani, macho yakitazama juu.

Siku ile Redio aliinua mkono, jambo ambalo lenyewe lilinishangaza, kwa kuwa kawaida huanza kusema na mkono hufuata. Kwa heshima zote alisema kwamba haoni kosa la minyoo. Alisema harufu inatoka kushoto tangu mwanzo wa kipindi, na kwamba jirani yake wa benchi anameza mate mpaka anamharibia hesabu. Darasa liliangua kicheko. Nilimwamuru asimame, nikamuuliza kama anataka kunifundisha kazi yangu. Akasema hapana, Mwalimu, ila chupa ya kushoto ni ndizi, na hii ya kulia hata nzi hawezi kuisumbukia.

Niliichukua chupa ya kushoto, nikaifungua, nikanusa. Maji. Nikaichukua ya kulia. Maji.

Kicheko kilikuwa kimekwisha, na nilisikia chaki ikivunjika mkononi mwangu. Nilimpa binti wa mstari wa mbele chupa ya kushoto na kumwambia anuse. Alifumba macho, akatabasamu, akasema inanukia kama duka la keki. Nikampa ya kulia. Akainua mabega.

Niliwaambia kwamba nilizichanganya chupa kwa haraka, na kwamba matokeo yao yalikuwa sahihi siku zote. Nilikusanya madaftari, nikafuta wino wangu mwekundu ukurasa kwa ukurasa, na kila mmoja nikampa alama zake. Hilo walikuwa wananidai kwa haki. Lakini sababu niliyowapa haikuwa ya kweli, kwa kuwa nilizinusa chupa zile asubuhi kama kawaida, na niliamini kwamba nimesikia harufu. Pua yangu ilikuwa inaniletea nilichokitarajia, nami nikaandika kama ilivyonisomea, kumbe chupa nilikuwa nazipanga kwa kubahatisha.

Nyumbani nilijijaribu. Nilifungua kopo la kahawa, nikaingiza uso mzima. Nikachukua sabuni, mafuta ya taa, kitunguu, viatu vyangu vya mvua. Hakuna kitu. Ni kama kutazama picha ya chakula. Ndipo nilipoyakumbuka mafua makali niliyoyapata wakati wa likizo, na mambo mengine yakaanza kujipanga. Nilikuwa nimegombana na mwenye duka juu ya sabuni, nikairudisha nikidai ni bandia kwa kuwa hainukii. Maskini alinibadilishia, na ile ya pili nikamrudishia vilevile, mpaka akasema labda nijaribu kununua ua. Nilikuwa nimeona chakula changu hakina ladha, nikalaumu chumvi. Nilijiambia kwamba ni mafua, yatapita, na kwamba hakuna haja ya kumhangaisha mtu. Barua yako ilifika wiki hiyo.

Nilitaka kukujibu siku ileile kwamba umlete. Ukweli ni huo. Nilishaanza kuupangua mpango wa nyumba: kitanda chake nimekipangia mahali chini ya dirisha la chumba kidogo, kabati la chini nimelitoa vitabu ili aweke himaya yake. Nilimweleza hata jirani yangu wa mlango wa pili, Fundi, yule mshona nguo mwenye mashine inayopiga kelele kama mvua juu ya mabati. Alifurahi, akasema hatimaye ngazi zetu zitapata mtu wa kuzipanda mbio, maana sisi wawili tunazipanda kama mizigo.

Sasa nakuomba ukae chini kwa aya inayofuata.

Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni nasahihisha mitihani. Dirisha nilikuwa nimelifunga kwa sababu ya vumbi la mtaani. Nilitamani chai, nikainuka, nikajaza birika, nikachukua kiberiti. Njiti nilikuwa nimeshaitoa. Nikasikia mlango ukipigwa kwa ngumi na Fundi akipiga kelele kwamba Mwalimu usiwashe, usiwashe chochote, toka nje. Nilidhani amelewa asubuhi. Nilimfungulia nikiwa nimeshika kiberiti hicho mkononi, tayari kumkaripia kwa makelele yake, naye alinipokonya, akakitupa kwenye ndoo ya maji, akanipita mbio, akafunga mtungi na kufungua madirisha yote. Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka karibu na jiko. Alisema ngazi nzima inanuka, na kwamba mama wa ghorofa ya juu alikuwa ameshawatoa watoto wake.

Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya harufu hiyo, mdogo wangu, nikisahihisha. Na ni mimi ninayewafundisha watoto kwamba gesi ya kupikia kwa asili haina harufu, bali hutiwa harufu kali makusudi ili mtu ashtuke mapema. Nimeliuliza swali hilo kwenye mitihani. Huenda lilikuwemo hata kwenye karatasi zilizokuwa mezani. Sikupata moyo wa kutazama.

Fundi alijaribu mzaha, akasema kwamba hakuwa tayari kushona nguo za msiba wikendi, kisha akauacha, akaniuliza kwa ukali kama sikusikia harufu. Sijawahi kukaripiwa na Fundi. Nilimjibu kwamba nina mafua.

Daktari nilimwona Jumatatu, wa pua na masikio, katika chumba chenye mapazia ya kijani na feni isiyozunguka. Alinipa vichupa vya kunusa, navyo havikuwa na maandishi, nikaona haya kama mwanafunzi asiyejiandaa. Nilivikosa vyote. Alisema mafua yale yameharibu neva za kunusia. Kwa wengine hurudi baada ya miezi, kwa wengine baada ya miaka, kwa wengine hazirudi, na mwenye umri wangu asiahidiwe kitu. Nilimwomba anipe jibu lililo wazi. Akasema hilo ndilo.

Hayo yote hakuna anayeyajua isipokuwa daktari, na sasa wewe. Mkuu wa shule hajui. Fundi bado anaamini ni mafua. Shuleni nimewakabidhi wanafunzi chupa: wawili wananusa na kuandika siri kwenye karatasi iliyokunjwa, nami naipokea kama wengine mwishoni. Wanadhani ni mbinu mpya ya kufundishia, na wameipenda. Redio amejiteua mkuu wa idara ya pua.

Lakini Chifu si somo. Chifu ni mtoto anayepanda viti na kugeuza kila kitufe anachokiona. Tangu Jumamosi ile, kila nikifunga macho mchana kupumzika, namwona amelala kwenye chumba kile kidogo, mlango umefungwa, nami nimekaa jikoni na kalamu yangu nyekundu, nimeridhika kwamba nyumba imetulia. Maziwa yameharibika, nimempa. Waya unaungua ukutani, sijui. Anaumwa, amejichafulia, sijui mpaka anililie. Halafu naifikiria nafasi yako ya ukunga, ulivyoingoja tangu ulipokuwa mwanagenzi wa kufagia wodi, na naona kwamba nikikukatalia pia nitakuwa nimekuumiza. Nimezunguka kati ya mambo hayo mawili mpaka nimechoka.

Nimefanya niliyoweza. Mpira ni mpya. Mtungi nimeutoa, uko nje kwenye roshani, na ndani nimenunua jiko la umeme. Fundi ameniambia, bila kujua ninachomuulizia, kwamba yupo nyumbani kutwa na mlango wake uko wazi. Nimesikia pia kwamba vipo vifaa vya kubandika ukutani vinavyolia gesi au moshi ukizidi, nami navitafuta. Nakuandikia haya ili uyajue, si ili yakushawishi. Mtu anayetaka mtoto nyumbani kwake hapaswi kuwa shahidi wa usalama wa nyumba hiyo.

Tangu wazazi wetu walipotutoka, mambo ya ukoo huu nimeyaamua mimi. Shule yako niliichagua mimi, na hata shemeji alihojiwa na mimi kabla hujaniambia unampenda. Hili siwezi. Njoo wewe kwanza, peke yako, kabla chuo hakijafunguliwa. Usinipe taarifa ya siku. Ingia kila chumba, fungua makabati, nusa jiko, nusa godoro, nusa maziwa. Ongea na Fundi. Nitakuwa nimeshamweleza ukweli. Zungumza na daktari pia, nimemwambia kwamba ana ruhusa ya kukueleza yote. Kisha uamue. Ukisema mtoto asije, nitakusaidia kutafuta mwingine wa kumlea, na sitanung'unika mbele yako wala mbele ya watu.

Ila nakuomba jambo moja. Utakapokuwa hapa, usiniulize mimi nina maoni gani. Usinitazame usoni ukaniuliza kama naweza. Nitasema ndiyo, mdogo wangu. Nitasema ndiyo kwa sauti ileile ninayowafundishia watu, nawe utaniamini.

Nisalimie shemeji, umwambie asiendeshe akiwa na usingizi. Mbusu Chifu kwa niaba ya mama yake mkubwa. Nakuombea afya njema, na nakungoja.

Ni mimi,
dada yako mkubwa